Simu hukosea mita 5, milimita zinapatikanaje?

Mdadisi_Ardhi: Wakuu, simu ikikuonyesha ulipo hukosea mita 5 hivi. Lakini wanajiolojia wanapima bamba la ganda la dunia linalosogea milimita 6 kwa mwaka, tena kwa setilaiti zilezile za GPS zilizo kilomita 20,200 juu. Inawezekanaje? Na kituo cha kudumu cha kupimia kinahitaji data za muda gani?

Jiodesia: Simu nyingi hutegemea msimbo uliomo kwenye ishara ya setilaiti: huo hutoa muda ambao ishara imesafiri, nao huzidishwa kwa kasi ya mwanga kupata umbali. Saa ikikosea mikrosekunde 1 tu, umepotea mita 300, ndiyo maana setilaiti ya nne ni lazima, ili kosa la saa ya risiva (kifaa kinachopokea ishara) nalo likokotolewe.

Risiva ya jiodesia (sayansi ya kupima dunia) husoma wimbi lenyewe linalobeba msimbo. Wimbi la L1, moja ya masafa ya GPS, megahezi 1575.42, lina urefu wa wimbi wa sentimita 19, na risiva nzuri hugawa hapo hadi milimita chache. Kazi iko kwenye mawimbi mazima yaliyo kati ya antena na setilaiti: risiva haijui ni mangapi, inabidi yatafutwe kwa hesabu. Tawi likikatiza ishara, unaanza kutafuta upya.

Nguzo_Mwambani: Ongeza na kosa la hewa. Ionosfea (tabaka la juu lenye chaji za umeme) huchelewesha kila masafa kivyake, kwa hiyo L1 na L2 (masafa ya pili ya GPS) kwa pamoja huondoa karibu kosa lake lote. Troposfea (tabaka la chini, lenye hali ya hewa) haikubali ujanja huo. Hewa kavu pekee huongeza kama mita 2.3 kwenye umbali unaopimwa kwa setilaiti iliyo utosini, ukiwa usawa wa bahari. Hiyo hukadiriwa vizuri kwa kanieneo la hewa. Mvuke ndio msumbufu, nao hukadiriwa ndani ya uchakataji. (Watabiri wa hali ya hewa wanaufurahia: kwao kosa hilo ndilo kipimo cha mvuke.)

Kuhusu muda: rekodi kila sekunde 30, saa 24, kisha chakata kwa obiti za mwisho (njia sahihi za setilaiti) za IGS, huduma ya kimataifa ya data za setilaiti hizi, ambazo hutoka baada ya wiki mbili hivi. Usitangaze kasi kabla ya miaka 2.5, kwa sababu maji ya mvua huelemea ardhi na kuiachia kila mwaka, na mabadiliko hayo ya msimu hujifanya mwendo wa bamba. Antena ikibadilishwa, andika tarehe na modeli, la sivyo grafu itaruka na utadhani ni tetemeko.

Mdadisi_Ardhi: Na antena ikiwekwa juu ya paa la zege?

Jiodesia: Kwa upimaji wa viwanja, sawa. Kwa mabamba, hapana: jengo la mita 10 likiongezeka joto nyuzi 10 hurefuka karibu milimita 1, na bati la jirani hudundisha ishara. Chimba hadi mwamba.