Mwajiri ana neno gani juu ya nywele zangu? Mjadala wa dredi, mavazi na kazi Nairobi

Fundi, Uhuru Market (anaanzisha mjadala)

Swali langu ni hili, na naomba tulijibu waziwazi: hapa Nairobi, mwajiri au mwalimu mkuu ana mamlaka gani ya kukuamuru unyoe dredi, utoe kipini cha pua, ufunike tatuu au ufunge tai ndipo akuhesabu mtu wa kuaminika?

Mimi ni fundi wa nguo, Jericho. Suti za mahojiano ya kazi zimenilisha miaka mingi. Mtu anarauka kwenda soko la mitumba la Gikomba kabla marobota hayajafunguliwa, anachagua koti la kamera, yaani la daraja la kwanza, ananiletea. Nalibana mabega, nafupisha mikono, nashusha pindo la suruali, na mwenyewe akijitazama kwenye kioo anasimama wima zaidi. Naipenda kazi hiyo. Suti si adui yangu.

Lakini kuna kijana niliyemrekebishia suti akaitwa kazini. Dredi zake zilikuwa zimefika mgongoni, amezitunza tangu alipomaliza shule. Kampuni ikamwambia nafasi ni yake, mradi Jumatatu aje amenyoa. Kazi yenyewe ni kuingiza takwimu kwenye kompyuta katika chumba cha nyuma, asikoonekana na mteja hata mmoja. Akanyoa. Simlaumu hata kidogo, kodi ya nyumba haingoji. Ninayeilaumu ni kampuni iliyomwekea mkate na kichwa chake kwenye mizani moja.

Wengi hudhani kampuni ya mtu binafsi inaweza kujitungia lolote. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Kifungu cha 27(4) kinaikataza serikali kumbagua mtu, na katika orodha yake, pamoja na dini, dhamiri, imani, utamaduni na lugha, mavazi yametajwa. Kifungu cha 27(5) kinaendelea kusema kwamba hata mtu binafsi haruhusiwi kumbagua mwenzake kwa misingi hiyo hiyo. Na Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya msichana wa kidato cha kwanza aliyefukuzwa shule moja ya Kibra mwezi Januari kwa sababu ya rasta zake. Jaji alisema Urastafari ni dini, na kwamba shule ilimvunjia haki zake.

Sasa nendeni Kimathi Street. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, imesimama pale tangu Februari 2007, dredi zake zimechongwa wazi, hakuna aliyemwambia mchongaji azipunguze. Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni upande wa Mau Mau, alifuga za kwake hadi Aprili 2022. Tunawaita mashujaa, na tunafanya haki. Basi kijana wa leo anayepita mbele ya sanamu ile akienda kutafuta kazi kwenye majengo yanayoizunguka, kwa nini aambiwe nywele za namna ile ni dalili ya uhuni?

Msimamo wangu ni kwamba katika jiji hili uhuru wa kuonekana ulivyo una anwani. Msanii wa Kilimani akiwa na dredi na tatuu shingoni, anaitwa mbunifu. Mwenye kampuni yake anakuja kikaoni na kandambili na watu wanacheka naye. Karani, mhudumu wa hoteli, mlinzi, mwalimu wa shule ya kibinafsi, hao ndio wanaoambiwa nywele zao zinaaibisha kampuni. Kama ni suala la heshima, mbona heshima inadaiwa kwa wenye mishahara midogo tu? Semeni.

Mwajiri, Upper Hill

Fundi, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu. Mimi huajiri watu, na nitasema upande wangu bila kujificha.

Kampuni yetu huuza bima. Wateja wengi ni wazee wanaokuja na akiba ya maisha yao. Mzee akiingia akamkuta kijana ana dredi na hereni, anarudi na fomu zake nyumbani. Ni ubaguzi? Pengine ni wa mzee. Lakini mshahara wa wale wafanyakazi wengine unatokana na mzee yule yule.

Kuna jambo lingine ambalo watetezi wa uhuru wa mavazi hawaligusi. Kanuni humlinda maskini. Sisi tuna shati la bluu la kampuni na suruali nyeusi. Tukisema kila mtu avae apendavyo, anayetoka Kileleshwa atamaliza mwezi bila kurudia nguo, na wa Dandora atajulikana kwa shati lake la Jumatatu linalorudi Alhamisi. Nimewahi kufanya kazi mahali pa namna hiyo. Wasichana walikuwa wakikopa kwenye simu kununua nguo za ofisi. Mkisifu kila mtu ajieleze kwa mtindo wake, mkumbuke mtindo hununuliwa.

Msusi, Kenyatta Market

Hapa kwetu nitawaambia ninachokiona kwa mikono yangu. Wanakuja mawakili, wahasibu, wafanyakazi wa benki. Wengine wana dredi nzuri ajabu, tunazikaza mizizi, tunazisuka mistari iliyolala kabisa, halafu juu anavaa wigi la nywele ndefu zilizonyooka aende nalo kazini. Jioni akifika kwenye gari analivua. Mtu anaishi hivyo mwaka baada ya mwaka.

Wengine hupakwa dawa ya kulainisha hadi ngozi inaungua, ama huomba tuvute sana ili nywele zionekane zimetulia. Nywele za mbele hukatika, paji la uso linapanda. Wapo wasichana wadogo ambao nywele hazitarudi tena pale. Dada wa Upper Hill, unaposema kanuni humlinda maskini, ujue kuna gharama inayolipwa kwangu, tena kila mwezi. Nywele za Mwafrika zikiachwa zilivyoota hazigharimu chochote. Maji na mafuta, basi.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Naomba msichanganye mtu mzima na mtoto. Nimefundisha mabweni ambamo wasichana mia kadhaa walioga kwa mabomba machache. Nywele fupi zilikuwa suala la muda, chawa na usawa. Mtoto wa tajiri na wa mkulima walikuwa na kichwa kimoja. Fundi amenukuu uamuzi wa Kibra, lakini hakuutaja ule wa Mahakama ya Juu wa Januari 2019 kuhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo. Pale Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliokuwa umewaruhusu wasichana kuivaa. Kwa hiyo sheria haijafunga mlango upande mmoja kama anavyoonyesha. Shule huwalea watoto wa watu wengi pamoja, na malezi hayo yana masharti.

Kijana, Mathare

Nyinyi mnajadili kazi. Huku kwetu dredi ni suala la kufika nyumbani. Saa tatu usiku nikiwa na wenzangu walionyoa, anayeambiwa asimame ni mimi. Nimeshikwa, nimepekuliwa, nimeulizwa natoa wapi pesa za viatu, na sijawahi kupatikana na kitu. Mama yangu aliniomba nizikate kwa sababu ya usalama tu, hakuwahi kusema ni mbaya. Sijazikata. Namwelewa, lakini nikikata nitakuwa nimekubali kwamba wao ndio wanaojua mimi ni nani.

Fundi amesema uhuru una anwani. Ni kweli tupu. Nikivuka hadi Westlands kupiga picha za harusi, ambayo ndiyo kazi yangu, watu wananiuliza nani hunitengeneza nywele.

Fundi, Uhuru Market

Nimesoma yote. Kijana, asante kwa kusema, na uendelee kufika nyumbani salama.

Dada mwajiri, hoja yako ya sare ni nzito na naikubali. Mimi mwenyewe hushona sare za ofisi na ovaroli za karakana, na nimeona mtu akiipenda sare kwa sababu imempunguzia wasiwasi wa asubuhi. Kampuni ikitaka shati la bluu, sawa, ilinunue na kumpa kila mtu, kuanzia mkurugenzi. Lakini shati huvuliwa saa kumi na moja jioni. Nywele mtu hulala nazo, huenda nazo kanisani, huzikwa nazo. Kampuni inamlipa mtu kwa saa za kazi. Ikimwambia anyoe, imechukua na saa ambazo haikulipia. Mpaka wangu uko hapo, na sijaona hoja iliyousogeza.

Usalama ni jambo jingine, halina ubishi. Penye mashine inayozunguka nywele zifungwe. Jikoni ziingie kwenye wavu. Kanuni hizo zinamhusu mwenye dredi, mwenye singa na mwenye ndevu sawasawa, na sababu yake inaelezeka kwa mtu yeyote.

Kuhusu yule mzee wa bima: mteja akikataa kuhudumiwa na mtu wa kabila fulani, utamwondoa mfanyakazi? Najua hutafanya hivyo. Utamwambia mzee, kwa upole, kwamba huyu ndiye anayeijua kazi. Akihudumiwa vizuri mara mbili, atamuulizia kwa jina.

Mwalimu, heshima zako. Ule uamuzi wa Isiolo naujua. Mahakama ya Juu iliangalia zaidi namna dai lilivyowasilishwa, ikaacha nafasi lirudishwe upya kwa utaratibu. Haikusema mtoto aache imani yake langoni. Na suala la chawa lina dawa yake, linatibika bila kumfukuza mtoto darasani. Msichana wa Kibra alikosa masomo kwa sababu ya kitambaa na nywele zilizo chini yake. Hilo ndilo linaloniuma.

Kuna jambo sikulitaja mwanzoni na nadhani ndilo mzizi. Novemba 2014 wanaume walimvua mwanamke nguo kwenye stendi ya matatu katikati ya jiji letu, wakidai amevaa vibaya. Tarehe 17 mwezi huo wanawake, na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana kutoka Uhuru Park kusema mavazi yangu ni chaguo langu. Kabla ya mwaka kwisha Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A: anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe kwa muda usiopungua miaka kumi. Sisemi mwajiri ni sawa na genge la stendi. Nasema fikra iliyo chini yake ni moja, kwamba mwili wa mtu ukionekana hadharani ni mali ya wanaoutazama. Na haiko mitaani tu. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku Kaunda suti na mavazi ya kiasili ya Kiafrika Bungeni, wanaume wakatakiwa koti na tai. Hilo ni Bunge la nchi ambayo mwaka 2004 ilifanya kampeni nzima kutafuta vazi la taifa, likapatikana vazi, na hakuna mteja aliyewahi kuniletea kitambaa nimshonee. Watu hawakuulizwa wanajionaje, wakaletewa sura yao ikiwa tayari.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Kwa mtoto mwenye dini inayojulikana, nakubali, asifukuzwe. Kwa mwingine anayetaka mtindo kwa sababu ameuona kwenye simu, nabaki palepale. Akimaliza kidato cha nne afuge atakavyo.

Msusi, Kenyatta Market

Mwalimu, na yule ambaye mama yake hana pesa ya kinyozi kila wiki mbili?

Mwajiri, Upper Hill

Nimeirudia kanuni yetu ya mavazi mchana huu. Kuna mstari unaosema "nywele zenye mpangilio wa kitaalamu", na nimemuuliza mwenzangu anayesimamia wafanyakazi unamaanisha nini. Akanijibu, "Unajua tu." Mstari kama huo siwezi kuutetea mbele ya hakimu, wala mbele ya msichana aliyeungua kichwa. Nitapendekeza kwa wakurugenzi uondolewe, ubaki wa usafi na wa kufunga nywele panapohitajika. Sare itolewe kwa wote. Hilo, Fundi, umeshinda, na nitaomba bei yako.

Tatuu za usoni sikubaliani nawe, ingawa umezipita haraka. Nina wahudumu wanaokwenda majumbani kwa watu waliofiwa kujaza madai ya malipo. Mjane anafungua mlango akiwa hajalala siku tatu. Uso wa mtu ninayemtuma unamgusa kabla hajatamka pole, na hapo bado ninataka kuwa na neno. Nipe hoja, nitaisoma.