Nani kawaambia mkrismasi unakatwa kichwa? Mwanza tunaua miti kwa panga

Wakuu, mods msiupeleke huu uzi jukwaa la kilimo. Wanaotakiwa kuusoma ni wenye nyumba, na kule hawapiti.

Nazungumzia mkrismasi huu wa maua mekundu, wa Novemba na Desemba. Kiangazi kikikolea, kuanzia Isamilo hadi Buhongwa mtu anaita kijana mwenye panga, anamwambia "punguza", na kijana anaufyeka mti mzima unabaki nguzo. Vuli inafika, mwenye nyumba analalamika haujachanua. Utachanuaje? Maua hutoka kuelekea ncha za matawi. Ncha zote umeshazichoma kuni, na mti unamalizia akiba yake kurudisha majani.

Hilo la maua ni dogo. Kisiki kinatoa machipukizi kwa fujo, watu wanafurahi eti mti "umepata nguvu". Yale machipukizi yameshika tabaka la nje tu. Hayana mzizi ndani ya shina kama tawi lililokua na mti tangu mwanzo. Huku kidonda kipana hakifungi, maji yanaingia, kati panaoza. Baada ya miaka michache fito zimekuwa matawi mazito juu ya kisiki kibovu, na mbao za mkrismasi ni dhaifu hata mti ukiwa mzima. Upepo wa mvua unatoka ziwani, tawi hilooo juu ya bati la jirani. Halafu mnasema mti mbaya!

Tawi likilazimika kutoka, tumia msumeno. Sentimita 30 kutoka shinani, kata kwa CHINI hadi theluthi ya unene. Sogea nje kidogo, kata kutoka juu mpaka lidondoke. Ukiruka mkato wa chini, tawi linaanguka na gome, linachuna shina. Kisha ondoa kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe tawi linapoungana na shina. Uvimbe ndio unaofunga kidonda, usiuguse. Oili chafu usipake. Na kwa mwaka usitoe zaidi ya robo ya matawi. (Chokaa shinani ni urembo, pakeni tu mkitaka.)

Mti ukifundishwa mapema hata hayo huyahitaji. Acha shina moja lipande mpaka mita 2.5 au 3, na tawi lolote linalozidi nusu ya unene wa shina lifupishe lingali dogo.

Sasa wauza miche wa kando ya barabara. Mche wa mita mbili ndani ya kiriba kidogo, mizizi imejizungusha mle ndani, na mteja anashangilia urefu! Pasua kiriba kabla hujalipa. Mche wa sentimita 40 wenye mzizi ulionyooka ni bora. Au otesha mwenyewe: mbegu ina ganda gumu, isugue kwa msasa upande mmoja, au imwagie maji yaliyotoka kuchemka na uiache humo saa 24, kisha ifukie sentimita 1 hadi 2.

Wanakwambia pia panda popote. Uongo. Mizizi hutambaa juu juu, inanyanyua pevingi, inapasua ukuta. Mita 10 kutoka kwenye nyumba na shimo la choo, na kamwe si chini ya nyaya za umeme. Kiwanja hakitoshi? Panda bogenvilia uishie hapo.

Na huku kwetu kuna mawe. Toboa kwa mtaimbo kwanza. Ukigonga mwamba ndani ya sentimita 60, hama, la sivyo mti utakua vizuri tu mpaka siku ung'oke na sahani yake ya mizizi. Mabondeni kwenye mfinyanzi mweusi, jaza shimo maji jioni. Asubuhi yakiwa bado yamo, hapo hapafai.

Jibu la 1
Mkuu umeacha urea. Watu wanamwaga urea na kumwagilia kiangazi chote, mti unajaa majani, maua hakuna. Ukavu ndio unaouandaa kuchanua. Mche wa mwaka wa kwanza ndio wa kumwagilia, lita 20 mara mbili kwa wiki. Na nyasi za kufunika udongo zikae mbali na shina, zikiligusa ni kuwakaribisha mchwa.

Jibu la 2
Na ulioshakatwa je, ung'olewe?

Mwanzisha uzi
Gonga shina kwanza. Likilia tupu, au ukiona uyoga chini, ita fundi wa miti autoe kabla ya mvua. Likiwa zima, uache mwaka mzima bila kugusa chipukizi lolote, maana hayo majani ndiyo yanayoulisha. Mwaka unaofuata chagua mawili au matatu yaliyoshika vizuri kwenye kila kisiki, mengine yafupishe kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Ukiyang'oa yote kwa mkupuo, umeukata kichwa mara ya pili.