Nimebandikwa stika ya MGENI kwenye mkutano wa chama changu!

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, mikono inatetemeka. Mlioko Texas mnamjua yule mwenyekiti wa kata, simtaji. Kofia yake huingia ukumbini kwanza, yeye anafuata baada ya dakika tano.

Nimefika mapema, suti imepigwa pasi. Kaangalia orodha, kaniangalia, kachomoa stika nyekundu ya MGENI na kunibandika kifuani. Kwa kiganja, pap! Kama stempu kwenye bahasha! Miaka 19 nimekaa hapa, nimegonga milango ya watu juani mpaka soli ikaisha, leo MGENI?

Na watu tulikuwa sita! Sheria inaipa kata mjumbe 1 wa kwenda mkutano wa kaunti kwa kila kura 25 alizopata hapo katani mgombea ugavana wa chama. Nafasi zimebaki wazi tele, mimi nipo nyuma na stika. Nikibandua inatoka na nyuzi za suti. Pap! Bado naisikia.

Mzee_Houston: Mkuu, swali moja. Mchujo wa Machi, ule wa kuteua wagombea, ulipigia chama gani?

Mleta uzi: Kile kingine, mara moja tu, jirani yangu aligombea ujaji. Inahusiana nini na kunipiga kifuani?

Mzee_Houston: 😂😂 Yamekwisha. Texas hatujiandikishi kwa chama, kura ya mchujo ndiyo kadi yako. Ukipiga kule, sheria ya jimbo inakufunga hadi 31 Desemba, hushiriki mkutano wa chama kingine. Kofia kakuepusha na kesi.

Mleta uzi: Si angesema kwa mdomo?? STIKA YA NINI?

Dada_Dallas: Tuwekee picha ya suti tafadhali.

Mbishi: Sheria ya jimbo si msahafu. Wajumbe 59 wa Chicago, kundi la Meya Daley, walitolewa mkutano mkuu wa taifa wa chama cha Democratic wa 1972. Mahakama ya jimbo ikawatetea, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema 1975 chama ndicho chenye neno.

Mzee_Houston: Huo ulikuwa wa taifa. Huyu katolewa kwenye kata ya watu sita.

Mama_Minnesota: Afadhali stika. Sisi donati moja ilikatwa vipande vinne.

Dada_Dallas: Mlipata donati?! Sisi maji ya bomba, na gari langu likavutwa.

Mbishi: Shilingi ngapi kulitoa, dada?

Dada_Dallas: Njoo PM, nisije nikalia hapa.