Nimezima MDM2 kwenye HeLa ila p53 haipandi, msaada wakuu

chembe_hai: Habari zenu wakuu, nipo masters, nafuatilia vile protini MDM2 inavyoibandika p53 (protini inayozuia saratani) alama ya ubikwitini mpaka inapelekwa proteasomu, mashine ya seli ya kusaga protini. Nimetia siRNA (kipande kifupi cha RNA cha kuzima jeni) ya MDM2 kwenye seli za HeLa, baada ya masaa 48 kipimo cha qPCR kinaonyesha mRNA ya MDM2 (nakala ya jeni inayotengenezea protini) imeshuka fresh tu, lakini kwenye westani (kipimo cha protini) bendi ya p53 hafifu vilevile kama ya kontroli. Supavaiza anataka nihamie CRISPR, yaani kuikata jeni yenyewe, na hela ya kemikali ndo hiyo inaisha. Nifanyeje?

Mzee wa Pipeti: Mkuu usimwage hela kwanza, siRNA yako haina tatizo, tatizo ni seli. HeLa ilitokana na saratani ya mlango wa kizazi, ina kirusi cha HPV18 ndani, sasa protini ya hicho kirusi inaitwa E6 inaungana na E6AP, enzaimu nyingine kabisa, hao wawili ndo wanaoipeleka p53 kusagwa. Hata MDM2 uifute yote, p53 bado inaliwa kwa mlango mwingine. Kama unazipenda HeLa zima UBE3A, ndo jeni ya E6AP, la sivyo chukua seli za U2OS au MCF-7, huko p53 ni nzima na MDM2 ndo bosi.

dada_jeni: Naunga mkono. Halafu kisahani kimoja kitie dawa ya MG132 masaa kama manne hivi, proteasomu ikizibwa p53 ikapanda ujue kingamwili yako ya kuidaka p53 kwenye westani inafanya kazi.

chembe_hai: Duh, E6 sikuiwaza kabisa. Na CRISPR kwenye U2OS je?

Mzee wa Pipeti: Utalia. MDM2 ikitoka yote p53 inajaa seli zinakufa, koloni zitakazobaki nyingi ni zile zilizoharibu p53 yenyewe sasa utapima nini hapo? Panya wasio na Mdm2 hufa wakiwa bado viinitete, 1995 ikaonekana ukiwaondolea na p53 wanaishi. siRNA inapunguza tu tena kwa muda, kwa kazi yako ndo nzuri.

dada_jeni: Ila usitumie siRNA moja, chukua mbili zinazopiga sehemu tofauti za mRNA, maana zile herufi za mwanzo za siRNA, ya 2 mpaka ya 8, hudaka na jeni zisizohusika. Ukiweza rudishia MDM2 iliyobadilishwa herufi bila kubadili protini, siRNA haitaitambua, p53 ikishuka tena mtahini hana pa kukubana.

chembe_hai: U2OS ziko kwenye nitrojeni ya lab ya jirani, naenda kuomba viali moja sahivi kabla hawajafunga.