Mama ana ugonjwa sugu wa figo, tumemfutia protini na sasa anakonda. Tumrudishie kiasi gani?

Kifungua Mimba:
Wakuu, naombeni msaada. Mama ana miaka 66, hana kisukari. Miezi mitano iliyopita kipimo cha uchujaji wa figo kilisoma 34, wakasema hatua ya tatu. Aliambiwa "punguza protini", basi. Tulivyofika nyumbani tukafuta nyama, samaki, mayai, maziwa, hadi maharage. Ametoka kilo 61 hadi 54. Jana nilikuwa namfunga saa: mkanda umefika tundu la mwisho na bado saa inazunguka mkononi. Akiinuka kitini lazima ashike meza. Naogopa kumrudishia nyama nikammalizia figo, na kumwacha hivi naogopa pia.

Nesi Mstaafu:
Pole sana, mpe pole na mama. Kupunguza si kufuta. Kwa ambaye hajaanza kusafishwa damu, mwongozo wa 2024 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya tiba ya figo, unataja gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 54 ni kama 43. Kwa uzito wake wa zamani ni kama 49. Hizo ni gramu za protini, si za nyama! Hapo wengi hupotea. Yai moja lina kama 6, nyama iliyopikwa gramu 100 ina 25 hadi 30. Mwongozo huohuo unasema mzee aliyedhoofika na kupungua misuli afikiriwe kuongezewa. Kilo saba ni nyingi mno, msisubiri tarehe ya kliniki. Ombeni kuonana na mtaalamu wa lishe.

Baba Wawili:
Mimi nasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Zamani nilibanwa protini, nilipoanza mashine nikaambiwa niongeze, gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, maana kila nikisafishwa amino asidi nyingine, yaani vijenzi vya protini, zinaondoka. Sikuelewa, nikaendelea kujinyima mpaka albumini, protini ya kwenye damu, ikashuka. Ndugu, mlo wangu usimpe mama.

Jikoni Daima:
Kwenye maharage mlimwonea mama. Fosfati ya maharage hainyonywi yote mwilini, ila potasiamu ya mama ipimwe kwanza; hayo ni madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa vizuri. Za kufuta ni soseji na nyama za kopo zilizotiwa viungio vya fosfati, hiyo hunyonywa karibu yote. Halafu je, anashiba? Chakula kisipotosha, mwili unakula misuli yake wenyewe, hata protini mkiipima vipi.

Kifungua Mimba:
Asanteni sana. Nimepiga hesabu ya alichokula jana, protini haikufika gramu 20. Nimelia. Kumbe wiki iliyopita aliomba yai na mimi ndiye nilimkatalia. Leo asubuhi nimemchemshia moja, amelila polepole mpaka likaisha. Nimeanza kuandika kila anachokula kwenye daftari, na kesho tunaenda nalo kwa daktari wake wa figo. Nitaleta mrejesho.