Saiti ya duka: urembo au urahisi?

Wakuu, nauza viatu Kariakoo nataka kufungua saiti ya mtandaoni, fundi kaniletea rangi kibao na picha zinazocheza, eti ndo wateja wanavutika. Kweli?

— Zinakula bando tu mkuu, mteja akisubiri sana anasepa zake Instagram. Weka bei, saizi na lipa namba, hizi za "bei njoo inbox" zinakera balaa

— Msidharau urembo. 1995 watafiti Kurosu na Kashimura wa kampuni ya Hitachi kule Japani walipima mipangilio ya skrini za ATM, zile za kupendeza watu wakaziona ndo rahisi kutumia

— Kuziona rahisi sio kuwa rahisi bana 😂 akikwama kwenye kulipa ndo basi. Mpe shangazi simu anunue, wewe kaa kimya uangalie anakwama wapi

— Poa, za kucheza natoa. Rangi nibaki na ngapi?

— Mbili