Dakt. Kildare kumtibu majeruhi wa risasi bila kutoa taarifa polisi: mnaonaje?

MwanaShangani (Mtwara)

Habari za jioni, wanajukwaa. Baba yangu, mganga msaidizi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika zahanati za Newala na Tandahimba, aliletewa flashi yenye filamu za zamani za Marekani zinazomhusu daktari kijana aitwaye Kildare, na tangu mvua zianze tumekuwa tukizitazama kila siku baada ya isha. Juzi tulifika kwenye Calling Dr. Kildare ya mwaka 1939, na hapo ndipo tulipotofautiana. Kildare anamtibu kwa siri kijana mwenye jeraha la risasi anayeshukiwa kuua, wala hatoi taarifa polisi, huku dada wa majeruhi, anayeigizwa na Lana Turner, akimtia kiwi. Mimi nilisema huo uhalifu umechomekwa tu ili watazamaji wasisinzie. Baba akanijibu kwamba sijui kazi ya zahanati. Je, filamu zote za mfululizo huu zina uhalifu ndani yake? Na daktari yule alitenda sawa?

MpendaSinemaZaKale (Lindi)

Ndugu, uhalifu haukuchomekwa. Ulikuwamo tangu mbegu. Kabla ya kampuni ya filamu ya MGM kuuchukua mfululizo, kampuni nyingine, Paramount, ilitoa filamu ya kwanza ya Kildare mwaka 1937, Joel McCrea akiwa daktari anayempasua jambazi ndani ya baa, kisha akajikuta na fedha ambazo daktari wa mafunzoni hakuruhusiwa kuzipokea. Mtunzi wa mhusika huyo, Max Brand, alijulikana zaidi kwa hadithi za wapanda farasi na bastola, kwa hiyo mkono wake ulikuwa umeshazoea.

Kwa MGM zipo filamu 15, kuanzia 1938 hadi 1947. Tisa za kwanza ni za Lew Ayres kama Kildare. Sita zilizobaki zinamfuata mwalimu wake, Dakt. Gillespie, anayeigizwa na Lionel Barrymore, ambaye kile kiti cha magurudumu hakikuwa cha maigizo, kwani kuvunjika nyonga na baridi yabisi vilikuwa vimemlemaza kweli. Ayres aliondolewa mwaka 1942 baada ya kukataa kubeba silaha vitani kwa sababu za dhamiri, ingawa baadaye alihudumia majeruhi katika vita vya Pasifiki.

Si zote zenye wauaji. The People vs. Dr. Kildare ya 1941 ni kesi ya mahakamani: mchezaji wa kuteleza kwenye barafu anapasuliwa kwa dharura, mguu wake unapooza, naye anamshtaki daktari. Kwangu mimi, mchanganyiko wa tiba na jinai umekolea zaidi katika Calling Dr. Gillespie ya 1942, ambamo mzee anaona dalili za maradhi ya akili kwa kijana fulani, wazazi wanakataa kusikia, na kijana anaishia kuua. Kisa hicho kinaendelea katika Dr. Gillespie's Criminal Case ya 1943. Hapo mtazamaji hatafuti muuaji ni nani, kwa kuwa anamjua. Anasubiri kuona kama daktari atasikilizwa.

MuuguziMstaafu (Lindi)

Mwanangu MwanaShangani, nisalimie sana baba, najua alichomaanisha. Msimu wa korosho, fedha zikishalipwa na ugomvi ukizuka, tulikuwa tukiletewa usiku watu waliokatwa mapanga, wamepakiwa kwenye baiskeli, na kituo cha polisi kiko mbali. Mahali pamoja nisipopataja nilimkuta kijana amelazwa kwenye benchi akisubiri ndugu zake warudi na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na kanga aliyofungiwa jeraha ilikuwa imelowa damu yote. Tangu siku hiyo nilikuwa nazuia damu kwanza, kisha namtuma ndugu mmoja akafuate fomu.

Lakini fomu yenyewe si adui. Polisi hujaza sehemu yao, mganga hujaza yake: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limesababishwa na kitu cha aina gani, na karatasi hiyo huweza kufika mahakamani kama kielelezo. Kwa hiyo Kildare alikuwa na wajibu wa aina mbili, akatimiza mmoja tu. Alitibu vizuri, akanyamaza vibaya.

Nina malalamiko mengine, mniwie radhi. Muuguzi Mary Lamont, anayeigizwa na Laraine Day, anasubiri kuolewa filamu baada ya filamu, halafu mwaka 1941 wanamgongesha lori karibu na harusi. Kazi yote ile!

KijanaWaMasasi

Shikamoo mama. Ninapingana nawe kidogo: kama Kildare angekwenda polisi usiku uleule, majeruhi angehamishwa au angetoroka, na jeraha lingemuua kabla ya kesi. Angalau angengoja mgonjwa apate nafuu.

MwanaShangani (Mtwara)

Nashukuru sana nyote. Nimemsomea baba majibu yenu. Kwa KijanaWaMasasi amesema, “Nafuu ipimwe na nani?” Aliposikia habari za PF3 alicheka, kisha akanisimulia jinsi alivyodandia lori la korosho kutoka Newala hadi Mtwara kwenda kutoa ushahidi kuhusu jeraha la kichwa aliloliandika kwa mistari miwili, akaulizwa maswali asubuhi nzima. Kumbe alikuwa upande wa mama tangu mwanzo. Sasa tumefikia Dr. Gillespie's Criminal Case, na kwenye flashi yetu Dark Delusion ya 1947 haimo. Aliye nayo, tafadhali anijulishe.